Kutoka Brennero hadi Venezia peke yangu: goti, gia na joto la Julai

"Ndugu mtaalamu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga, na nimeishi Munich kwa miaka 11 nikifanya kazi ya uhasibu. Nimekulia juu ya baiskeli kama watoto wengi wa Tanga, na hapa naendesha kila siku kwenda kazini. Jumamosi hufikisha kilomita 60. Mwezi wa Julai nina likizo ya siku 14. Nataka kupanda treni hadi Brennero, mpakani mwa Austria na Italia, kisha niendeshe peke yangu kupitia Bolzano, Trento, Verona, Mantova na Ferrara hadi Venezia, nikiwa na mizigo ya kilo 20 hivi. Mwenzangu kazini anasema milima ya Alps itanimaliza. Kaka yangu anasema mwanamke hasafiri hivyo peke yake, nitafute kundi. Goti langu la kushoto huuma kwa mbele, kwenye pia, baada ya kilomita 50, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia hufa ganzi. Natumia dawa ya shinikizo la damu. Baiskeli yangu ina gia za mbele za meno 50 na 34, na ile kubwa kabisa ya nyuma ina meno 28. Je, niende au niache? Na nikienda, nijiandae vipi?"

Dada yangu, nakushukuru kwa barua yenye vipimo. Wengi huniuliza kama safari fulani ni ngumu, nami hubaki sina pa kushika; wewe umenipa umri, uzito wa mizigo, meno ya gia, mahali hasa goti linapouma na habari ya dawa, kwa hiyo naweza kukujibu kama ninavyomjibu mtu aliyesimama na baiskeli yake mbele yangu karakanani. Jibu langu ni kwamba uende. Lakini usiende na baiskeli hiyo kama ilivyo, usiende kabla hujazungumza na daktari wako kuhusu dawa na joto, na usiende na ratiba itakayokuweka kwenye uwanda wa mto Po saa nane mchana. Hofu ulizotiwa na wenzako zimeelekezwa mahali ambapo hatari si kubwa, na hatari iliyo kubwa hakuna aliyekutajia.

Tuanze na hiyo Alps. Ukishuka kwenye treni Brennero utakuwa kwenye mita 1,370 juu ya usawa wa bahari, na kazi ya kupanda itakuwa imefanywa na injini ya treni. Bolzano iko kwenye mita 260 hivi, Trento chini ya 200, Verona karibu 60, na baada ya hapo ardhi ni tambarare hadi baharini. Kwa maneno mengine, siku zako mbili za kwanza ni za kuteremka. Zaidi ya hayo, kutoka Brennero hadi Colle Isarco njia ya baiskeli imejengwa juu ya tuta la reli ya zamani, lililoachwa baada ya reli kuhamishiwa kwenye handaki, na kwa kuwa treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, njia hiyo huteremka kwa upole mno. Mwenzako hakukosea kwamba Alps ina barabara za kutisha: Passo dello Stelvio, iliyoko magharibi zaidi, hufika mita 2,757, na upande mmoja ina kona kali 48. Lakini wewe hupiti huko. Mahali pa kukutoa jasho ni kati ya Vipiteno na Bressanone, ambako njia huacha mto mara kwa mara na kupanda vilima vifupi vikali, kisha hushuka na kupanda tena. Ni vilima vya dakika tano au kumi kila kimoja. Havimshindi mtu anayeendesha kilomita 60 kila Jumamosi, ila vitakushinda wewe kwa gia ulizo nazo, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu, kwa sababu jambo hili ndilo linalofungamana na goti lako.

Gia yako nyepesi kabisa ni meno 34 mbele na 28 nyuma. Maana yake ni kwamba ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu huzunguka mara 1.2 na baiskeli husogea mita 2.5 hivi. Mguu wa binadamu hufanya kazi kwa raha ukizungusha pedeli mara 70 hadi 90 kwa dakika. Ukitaka kufikisha hata hiyo 70 kwa gia yako, lazima uende karibu kilomita 11 kwa saa. Sasa chukua kilima kinachopanda mita 8 katika kila mita 100, na uzito wako, baiskeli na mizigo tuseme kilo 100 kwa jumla: kwenda kwa kasi hiyo kunahitaji zaidi ya wati 230. Mtu mwenye mazoezi kama yako humudu wati 120 hadi 150 kwa muda mrefu, si zaidi. Kwa nguvu hiyo utapanda kwa kilomita 6 hivi kwa saa, na kwa gia yako hiyo ni mizunguko isiyofika 40 kwa dakika. Kila mzunguko utakuwa ni kukanyaga kwa uzito wote wa mwili, na uzito huo hupita mahali pamoja, yaani kati ya pia ya goti na mfupa wa paja.

Nguvu ya injini ya mwili hubaki ileile; kinachobadilika ni jinsi inavyogawanywa. Ukibadilisha gia za nyuma upate kubwa ya meno 36, na za mbele upate 46 na 30 badala ya 50 na 34, kilima kilekile, kwa kasi ileile, utakipanda kwa mizunguko 57 hivi, na mkanyago wa kila mzunguko utapungua kwa karibu theluthi. Hujaongeza mazoezi hata siku moja, hujapunguza uzito hata kilo moja, na goti limeshapata nafuu. Ndiyo maana hunisikitisha ninapowaona watu wakijitesa kwa mazoezi ya milima miezi mitatu kwa baiskeli ambayo ingetibiwa karakanani kwa alasiri moja. Ikiwa fedha haitoshi kubadilisha zote mbili, badilisha za nyuma kwanza, kwani ndizo nafuu zaidi. Jambo moja tu: usinunue vipuri kabla fundi hajaiona baiskeli yenyewe, kwa sababu gia ya meno 36 huhitaji kibadilishaji cha nyuma chenye mkono mrefu na mnyororo ulioongezwa urefu, na kibadilishaji kifupi kikilazimishwa kinaweza kuingia kwenye spoku ukiwa mwendoni.

Sehemu ya pili ya maumivu hayo huenda iko kwenye kiti. Goti linalouma kwa mbele mara nyingi husema kwamba kiti kiko chini mno, kwa hiyo goti hukunjwa kupita kiasi kila pedeli inapokuwa juu. Linalouma kwa nyuma mara nyingi husema kinyume chake. Kaa juu ya baiskeli huku umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu wako uwe umenyooka sawasawa bila nyonga kuinamia upande. Kama goti bado limekunjika, pandisha kiti kidogo kidogo, milimita 5 kwa mara moja, na uendeshe siku mbili tatu kabla ya kupandisha tena. Usirekebishe kwa sentimita mbili kwa pamoja, kwani mwili uliozoea mkao mmoja kwa miaka 11 hulalamika ukihamishwa ghafla, na utashindwa kujua ni marekebisho yaliyokuumiza au ni ugonjwa wenyewe.

Vidole vya ganzi navyo vina sababu yake. Kidole kidogo na cha pete huhudumiwa na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono upande wa nje wa kiganja, na hapo ndipo usukani unapokandamiza mtu anapoegemea mikono. Tazama kwanza kama ncha ya mbele ya kiti imeinama chini. Ikiwa imeinama, mwili huteleza mbele na mikono hugeuka kuwa nguzo za kuuzuia. Kiweke sawa na ardhi. Kisha fikiria kuinua usukani, vaa glavu zenye mto mwembamba, na ubadilishe mahali pa kushika kila baada ya dakika kumi. Ganzi inayoondoka ndani ya saa moja baada ya kushuka si ya kutisha. Ikibaki hadi kesho yake, au ukaanza kuangusha vitu, safari isubiri mpaka daktari akuone.

Kuhusu mizigo, watu hudhani kubeba zaidi ni kujilinda zaidi. Kilo 20 zinafaa mtu anayekwenda kulala porini, na kwenye njia yako, ambako vijiji havipo mbali na kuna nyumba za wageni kila mji, kilo 12 zinatosha kabisa. Sitakudanganya kwamba kilo 8 hizo zitageuza kupanda kwako, kwa maana kwenye kilima zitakupunguzia kazi kwa sehemu 8 tu katika 100. Faida yake kubwa iko kwenye gurudumu la nyuma, ambako spoku hukatika kwa kubebeshwa, na kwenye breki. Mteremko wa kutoka Brennero hadi Vipiteno peke yake ni wa mita 400 na zaidi. Uzito wa kilo 100 ukishuka kiasi hicho huacha nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji, na sehemu isiyochukuliwa na upepo lazima iingie kwenye breki zako. Mwenye kubana breki kidogo kidogo muda wote huzipikia joto bila kuzipa nafasi ya kupoa. Kwa breki za rimu, tairi linaweza kupasuka kwa joto, na kwa breki za diski, nguvu ya kushika hupungua taratibu. Acha baiskeli ikimbie mahali penye kuonekana mbali, ubane kwa nguvu breki zote mbili kabla ya kona, kisha uachie kabisa. Ukisikia harufu ya kuungua, simama upumzike, hata kama umechelewa.

Baada ya Bolzano utaingia bonde pana la mto Adige, kati ya mashamba ya tufaha na mizabibu, na njia ya baiskeli ni ya lami, tambarare, imetengwa na magari kwa sehemu kubwa mno. Hapa watu huzembea, kisha hushangaa inakuwaje kilomita 60 za tambarare zinawachosha kuliko milima. Sababu ni upepo. Jua linapopasha miteremko ya milima, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa ya uwandani huvutwa kuja kuziba pengo, ikipita bondeni kama maji kwenye mfereji. Kwa hiyo kwenye siku za jua upepo wa mchana hutoka kusini kwenda kaskazini, na wewe utakuwa unaelekea kusini, yaani usoni mwake. Usiku milima hupoa na mambo hugeuka; asubuhi na mapema bonde huwa limetulia, au lina upepo mwepesi wa kukusukuma. Wewe uliyekulia Tanga huhitaji kufundishwa hili, kwani wavuvi wa kwenu hutoka alfajiri kwa upepo wa bara na kurudi mchana kwa upepo wa bahari. Ni kanuni ileile, ila hapa bahari ni uwanda na bara ni milima. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na uwe umefika unapolala kabla ya saa sita mchana.

Kutoka Verona nakushauri usiende Mantova moja kwa moja kwa barabara ya magari. Nenda magharibi hadi Peschiera, pale mto Mincio unapotoka kwenye ziwa Garda, kisha ufuate njia ya baiskeli kando ya mto huo kwa kilomita 45 hivi hadi Mantova. Ni ndefu zaidi, lakini ina miti, maji na amani, na utaingia Mantova kupitia maziwa yake, jambo ambalo ningependa ulione kwa macho yako bila lori kukupigia honi.

Sasa nafika kwenye hatari ambayo hakuna aliyekutajia. Kati ya Mantova na Ferrara, na kuelekea baharini, njia hupita juu ya matuta marefu ya kuzuia mafuriko ya mto Po. Ni mahali pa kupendeza asubuhi. Lakini juu ya tuta hakuna mti, vijiji viko chini na mara nyingi mbali, na mwezi wa Julai joto huvuka nyuzi 30 kwa urahisi na mara nyingi hukaribia 35, katika hewa nzito yenye unyevu wa mito na mashamba. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Jasho linalotiririka bila kukauka halipozi kitu, linakuondolea maji na chumvi tu. Ukiwa mwendoni upepo wa baiskeli huficha hali hiyo, ndiyo maana wengi huzidiwa wanaposimama. Nami niliwahi kupita hapo mwezi wa Julai, nikiwa na nusu chupa ya maji, nikakiacha kijiji nikijiambia kinachofuata ki karibu. Saa moja baadaye nilijikuta nimesimama njia panda, nimeshika ramani, nisikumbuke nimetokea upande gani. Sikuhisi kuumwa. Nilihisi nimetulia, na utulivu huo ndio ninaouogopa mpaka leo, kwa sababu kitu cha kwanza kinachoharibiwa na joto ni ile akili ambayo ingekuambia upumzike.

Hapo ndipo ninapokutana na kaka yako, ingawa si kwa sababu yake. Anayesafiri peke yake hakosi nguvu wala hakosi mlinzi. Anakosa jicho la pili. Mwenzako angekuona umepauka, umenyamaza, unayumba, angekushika bega akakuketisha kivulini. Ukiwa peke yako kazi hiyo lazima uifanye ukiwa nyumbani, kabla ya safari, kwa kujiwekea amri ambazo njiani huzijadili. Kula kitu kidogo kila baada ya dakika 45, una njaa huna njaa. Kunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa kulingana na joto. Usinywe maji matupu kwa galoni siku nzima, kwani chumvi ya damu inaweza kushuka mno, bali ule pia vyakula vyenye chumvi. Usipite kijiji ukiwa na maji chini ya lita moja. Kwenye viwanja vingi vya miji kuna bomba la bure, ila ukiona maandishi "non potabile" ujue hayo si ya kunywa. Saa sita mchana unaacha kuendesha, hata kama zimebaki kilomita 10 na unajisikia simba. Na kila siku ukifika umtumie ujumbe mtu mmoja anayejua ulikuwa unaelekea wapi, mkiwa mmekubaliana kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni bila habari, anakupigia, na usipopokea anaita msaada. Mpe kaka yako kazi hiyo. Hofu yake ni ya upendo, na itatulia ikipata kitu cha kufanya.

Kuhusu usalama wa mwanamke peke yake, siwezi kukuahidi kwamba hakuna mtu mbaya kati ya Brennero na Venezia, lakini njia hizi hujaa wasafiri wa baiskeli wa kila rika wakati wa kiangazi, na wanawake wanaokwenda peke yao si ajabu. Agiza malazi mapema, baiskeli ilale ndani, na usiendeshe gizani. Ikitokea umechelewa, sheria ya Italia inakutaka uvae kizibao kinachong'aa nje ya miji kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama, na ndani ya mahandaki wakati wowote, kwa hiyo kiwe juu ya mizigo. Beba pasipoti na kibali chako cha ukazi, vyote halisi: nyumba za wageni zinawajibika kuandikisha kila mgeni, na ukaguzi kwenye treni za Brennero ni jambo la kawaida, wenye rangi yetu wakisimamishwa mara nyingi kuliko wengine. Ni afadhali nikuambie ili usishtuke. Beba pia kadi yako ya bima ya afya. Zile za Ujerumani kwa kawaida nyuma yake ndiyo kadi ya Ulaya, nayo hutambuliwa Italia.

Je, kundi lingekuwa bora? Lingekupa jicho la pili, sikatai. Lakini kundi huendesha kwa kasi ya kundi, na mwenye goti lako na dawa yako anahitaji kusimama anapotaka, bila kuona haya. Nimewaona watu wakiumia kwa kuona haya zaidi ya walivyoumizwa na upweke. Lililo bora kuliko yote mawili, kama mwajiri wako ataridhia, ni kuihamishia safari hiihii mwezi wa Septemba, joto likiwa limepungua na nyumba za wageni zikiwa na nafasi. Ikishindikana, kuna njia nyingine: Alpe Adria, inayotoka Salzburg hadi Grado, kilomita 410 hivi, ambayo baada ya Tarvisio hushuka juu ya reli ya zamani yenye madaraja na mahandaki, kisha hupita Udine na Palmanova. Uwanda wake ni mfupi, kwa hiyo siku za joto ni chache. Lakini upande wa Austria kuna kupanda kwa kweli, hivyo ushauri wangu juu ya gia unabaki palepale. Moyo wako ukiwa kwenye Mantova na Ferrara, baki na mpango wako. Reli hukufuata kutoka Brennero hadi Verona, na Mantova na Ferrara zote zina stesheni. Treni za mikoa zenye alama ya baiskeli zitakupokea kwa tiketi yako na tiketi ya baiskeli. Siku ya joto kali panda treni, wala usione umeiba safari.

Jambo la dawa sitalimaliza mimi. Kuna dawa za shinikizo zinazotoa maji mwilini, na kwenye joto zinaweza kukushusha shinikizo hadi kizunguzungu. Nyingine huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo saa ya kuhesabu mapigo itakudanganya kwamba hufanyi kazi kubwa. Usiache dawa wala usipunguze kwa uamuzi wako. Nenda kwa daktari wako mwezi wa Mei, umwambie waziwazi: siku 10 za kuendesha, kilomita 55 kwa siku, joto la nyuzi 30 na zaidi, muulize pia kama hiyo chumvi niliyoitaja inakufaa na kwa kiasi gani. Siku hiyohiyo aliangalie goti. Likivimba, likikwama, likilegea ghafla ukishuka ngazi, au likikuamsha usiku, hilo limeshatoka mikononi mwa fundi wa baiskeli. Na njiani, kichwa kikiuma huku ukitapika, ukichanganyikiwa, au ngozi ikiwa ya moto kuliko kawaida, usisubiri ipite: ingia kivulini, jimwagie maji, piga 112. Kadhalika ukipata maumivu ya kifua, au kigimbi kimoja kikavimba na kuuma.

Kabla ya kulipia chochote, mwezi wa Juni chukua Jumamosi na Jumapili mfululizo, uendeshe kilomita 55 kila siku, peke yako, ukiwa na mizigo yote, gia mpya na kiti kikiwa kama ulivyokipima. Kipimo si Jumamosi jioni. Kipimo ni Jumapili asubuhi, unapoweka mguu chini kutoka kitandani. Goti likiwa limenyamaza, agiza vyumba. Panga siku 10 za kuendesha na mbili za kupumzika, moja Verona na nyingine Ferrara, mji uliozungukwa na kuta za kilomita 9 ambako wenyeji wazee kwa vijana huenda sokoni kwa baiskeli, na ambako nadhani utajisikia Tanga zaidi ya mahali pengine popote njiani. Ukikuta polenta kwenye orodha ya chakula, agiza bila wasiwasi. Ni unga wa mahindi uliosongwa, nao hukaa tumboni kama ugali. Kumbuka tu kwamba maduka ya miji midogo hufungwa kuanzia saa sita na nusu hivi hadi katikati ya alasiri, na mengi hayafunguliwi Jumapili, kwa hiyo chakula cha mchana kinunuliwe asubuhi.

Neno langu la mwisho ni la kilomita za mwisho. Kati ya delta ya Po na Chioggia kuna barabara inayoitwa Romea, nyembamba, yenye malori usiku na mchana. Usiiendeshe, hata kwa kilomita chache, hata ramani ikikuelekeza huko. Kutoka Ferrara nenda Rovigo, kisha Adria, na hapo uulizie treni ya Chioggia inayopokea baiskeli. Au geukia Padova na ufuate mfereji wa Brenta hadi Mestre, mji wa bara ulio jirani na Venezia. Ukifika kupitia Chioggia, boti hukuvusha hadi kisiwa cha Pellestrina, lakini nafasi za baiskeli ni chache, kwa hiyo ulizia gatini mapema asubuhi. Kutoka hapo utaendesha kati ya bahari na wangwa hadi kisiwa cha Lido, ukivuka tena kwa feri. Ndani ya Venezia yenyewe kuendesha baiskeli kumekatazwa, kwa hiyo iache Lido au Mestre ukiwa umeifunga vizuri, uingie mjini kwa miguu. Na nafasi ya baiskeli kwenye treni ya kukurudisha Munich iagize siku ileile utakayoagiza vyumba, kwa sababu bila hiyo hawakupokei, na mwezi wa Julai hujaa wiki kadhaa kabla.